Umeme Ukikatika Wakati wa Baridi Kali: Moto Ulale Wapi?

Matini ya mada iliyowasilishwa kwa watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kuelekea msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti.



Usiku wa kuamkia Jumatatu, 15 Februari 2021, wakazi wa jimbo la Texas nchini Marekani walilala wakijua kwamba nje kuna baridi isiyo ya kawaida. Texas si nchi ya theluji. Jiji la Houston lipo karibu na bahari, na joto na unyevu wake wakati wa kiangazi havitofautiani sana na vile vya Dar es Salaam. Lakini wiki ile hewa kutoka upande wa Ncha ya Kaskazini iliteremka na kutanda juu ya jimbo zima. Houston ilifika nyuzi 10 chini ya sifuri. Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Ilipofika saa saba na ushee usiku, taa zilianza kuzimika, mtaa baada ya mtaa.

Inafaa kueleza kwanza kilichozizima, kwa sababu ndani yake limo fundisho linaloihusu ofisi ya kijiji moja kwa moja.

Umeme wa gridi haulundikwi ghalani kama mahindi. Unaozalishwa na unaotumiwa hauna budi kulingana kila dakika. Mwenye mashine ya kusaga anaelewa jambo hili bila kufundishwa: mashine ikilishwa mahindi mengi kuliko nguvu ya injini, mlio hubadilika, injini huanza kukokota, na fundi asipowahi kupunguza mahindi, injini hujizima. Usiku ule Texas ilikuwa na mahindi mengi mno na injini iliyokuwa ikidhoofika. Zaidi ya nusu ya nyumba za jimbo hilo hupashwa joto kwa umeme, hivyo kila nyumba ilikuwa ikivuta umeme kwa nguvu zote. Wakati huohuo visima vya gesi asilia viliganda, mabomba ya mitambo yakaganda, baadhi ya mitambo ya upepo ikashikwa na barafu, na hata kinu kimoja cha nyuklia kikajizima baada ya bomba dogo la vipimo kuganda. Gesi ndiyo iliyopungua kuliko vyote. Wasimamizi wa gridi ya jimbo, shirika la ERCOT, waliona kipimo cha mzunguko wa umeme kikishuka kutoka 60 hadi 59.3. Mtu wa kawaida ataiona tofauti hiyo kuwa ndogo sana. Kwa gridi, ni ule mlio wa injini inayokokota. Ilielezwa baadaye kwamba zilibaki dakika 4 na sekunde 37 kabla ya mitambo mingine kuanza kujitenga yenyewe na jimbo zima kuingia gizani, pengine kwa wiki kadhaa. Ndipo ikatolewa amri ya kukata umeme kwa makusudi.

Wananchi waliambiwa kwamba ni mgawo wa zamu, mtaa huu kwa muda mfupi, kisha mtaa ule. Haikuwa hivyo. Njia zenye hospitali na huduma nyeti hazikuweza kukatwa, na njia zilizobaki hazikutosha kupeana zamu. Waliokatiwa wakabaki wamekatiwa. Amri za kukata umeme zilidumu zaidi ya saa 70, na zaidi ya watu milioni 4 walipitia giza hilo. Kilichowaudhi wengi ni kuona majengo marefu ya maofisi katikati ya miji, yasiyo na mtu hata mmoja ndani, yakiwaka taa usiku kucha, huku nyumba zenye watoto zikiganda.

Sasa ndugu watendaji wasikilize hapa. Baadhi ya mitambo inayosukuma gesi kwenye mabomba hutumia umeme. Amri ya kukata umeme ilipotoka, mitambo hiyo nayo ilikatiwa. Gesi ikazidi kupungua. Vituo vya kuzalisha umeme vikazidi kukosa gesi. Umeme ukazidi kupungua. Ilikatwa kwa nini? Kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya wateja wasiopaswa kukatiwa. Na haikuwa kwenye orodha kwa sababu wenyewe hawakujaza fomu. Ilikuwepo fomu fupi kwa ajili hiyohiyo, na wengi hawakujua kwamba ipo. Jimbo tajiri kwa mafuta na gesi, lenye mabingwa wa kila taaluma, lilizidi kuganda kwa sababu ya karatasi ambayo haikujazwa.

Wilaya hii haina visima vya gesi. Ina pampu za maji zinazotumia umeme, ina zahanati na vituo vya afya vyenye majokofu ya chanjo, ina vyumba vya kujifungulia. Shirika la umeme haliwezi kujua kwamba mita fulani ni ya pampu inayohudumia vijiji vitatu isipokuwa limeambiwa kwa maandishi. Jambo hilo litarudiwa mwishoni, kwa kuwa lina tarehe yake.

Baridi ya Texas iliua. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ile. Takribani theluthi mbili ya marehemu walikufa kwa kupoa mwili kupita kiasi, yaani joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35 hata moyo na ubongo vikashindwa kazi. Wengine waliteleza na kuanguka, wengine walipata ajali barabarani, wengine walikuwa wagonjwa wa siku nyingi ambao hali zao zilizidi kuwa mbaya mashine zao zilipozimika. Na 19 waliuawa na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi: watu waliowasha moto ili wasife kwa baridi. Kwa waliokufa 19 wapo mamia na mamia waliofikishwa hospitali wakiwa wamelewa sumu hiyohiyo. Walikuwa wameingiza majiko ya mkaa ya kuchomea nyama sebuleni, wameweka jenereta barazani, wameketi ndani ya gari linalonguruma katika gereji iliyoungana na nyumba.

Hapo ndipo habari za Texas zinapokutana na habari za Nyanda za Juu Kusini. Mtu wa Njombe, wa Makete au wa Mufindi hahitaji kusimuliwa baridi. Anazijua asubuhi za Juni na Julai ambapo sakitu, ile barafu nyembamba, huyafanya majani kuwa meupe na kuunguza viazi shambani. Hapa hakuna nyuzi 19 chini ya sifuri. Lakini pia nyumba nyingi hazina kifaa chochote cha kupasha joto isipokuwa jiko la mkaa, na jiko la mkaa huingizwa chumbani jioni umeme ukiwepo au usiwepo. Umeme ukikatika huingizwa mapema zaidi na hukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu sasa ni joto na ni mwanga.

Iko imani iliyoenea kwamba kinachoua ni moshi. Kwa imani hiyo mama huuwasha mkaa nje, huupepea, hungoja moshi wote uishe na makaa yawe mekundu kabisa, kisha huliingiza jiko ndani akiamini kwamba amechukua tahadhari. Mama huyo si mzembe. Amefanya alichofundishwa na mama yake. Lakini kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa kwa wingi, na huendelea kuitoa yanapofifia na kufunikwa na jivu. Moshi unaokereza koo una fadhila moja, nayo ni kumkimbiza mtu. Makaa safi humbembeleza alale.

Hewa hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini imebeba mzigo usiofaa. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Wengi hudhani ni malaria au uchovu wa shamba, wakajilaza. Na kujilaza ndiko kunakomaliza. Aliyekwisha kulala haamki. Mjamzito yumo katika hatari mbili, kwa maana mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama mwenyewe, na mama anaweza kupona huku mtoto amepotea.

Ipo dalili moja inayotofautisha sumu hii na homa, na kila mhudumu wa afya aibebe mlango kwa mlango: watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Malaria haifanyi hivyo. Likitokea, watu wote watoke, milango na madirisha yafunguliwe, jiko litolewe, na waliodhurika wapelekwe kituo cha afya hata kama wanasema wamepata nafuu, kwa kuwa wanahitaji oksijeni na uangalizi. Anayeingia kumwokoa mwenzake afungue mlango kwanza, amburute, atoke. Asikae ndani kumwita jina. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ingawa katika vijiji vya mbali jirani hufika kabla ya gari lolote.

Watu huuliza kama kuacha dirisha wazi kidogo kunatosha. Hakutoshi. Na hapa mashauri mawili mema hugongana. Mtu anayetaka kuhifadhi joto huziba nyufa: matambara chini ya mlango, gunia dirishani. Ni shauri jema kabisa katika chumba kisicho na moto. Mtu huyohuyo akiingiza jiko katika chumba alichokiziba, amejenga tanuri la sumu kwa mikono yake. Kwa hiyo uamuzi ufanywe mapema, kabla giza halijaingia na kabla watoto hawajaanza kulia kwa baridi: moto utalala wapi? Ukilala jikoni, katika jiko la nje lililotengana na nyumba, chumba cha kulala kinaweza kuzibwa. Nyumba yenye chumba kimoja tu iote moto na mlango wazi, ipike, ichemshe maji, kisha jiko litoke nje kabisa kabla mtu wa kwanza hajalala. Jivu lenye makaa nalo litoke. Jiko la gesi pia ni la kupikia. Halikuundwa ili liachwe likiwaka usiku kucha kupasha chumba.

Jenereta nazo zina lao. Katika miji midogo ya wilaya umeme ukikatika utazisikia mbele ya kila duka. Kijana anayelala stoo nyuma ya duka hilohilo ndiye aliye hatarini. Jenereta ikae nje, umbali usiopungua mita 6 kutoka nyumbani, na mdomo wa moshi uelekee mbali na milango na madirisha, yakiwemo ya jirani. Baraza si nje.

Tukio jingine la Marekani linastahili kutajwa hapa, kwa kuwa linagusa suala la lugha. Desemba 2006 dhoruba ya upepo iliangusha miti na nyaya za umeme katika jimbo la Washington, kwenye jiji la Seattle na viunga vyake, na nyumba zaidi ya milioni moja zikakosa umeme katika siku za baridi. Madaktari wakaanza kupokea familia nzima nzima zilizolewa kaboni monoksaidi. Wengi wa waliodhurika kwa mkaa walikuwa wahamiaji. Hawakuwa wajinga: walitoka katika nchi ambako mkaa ni nishati ya kila siku, wakauchoma kama walivyozoea, lakini sasa katika nyumba za Marekani zilizozibwa kila ufa ili zisipitishe baridi. Nyumba ya kwao ilivuja, na kuvuja kulikuwa kukiwaokoa bila wao kujua. Na maonyo ya redioni yalikuwa kwa Kiingereza. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuchapisha onyo katika ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa.

Huko Texas nako wapo maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili, wengine wakiwa wamefika huko baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Jambo lililotokea Seattle linatazama upande huu pia, na kwa njia mbili. Kwanza, nyumba za wilaya hii zinabadilika. Nyumba ya zamani ya miti na udongo, yenye paa la nyasi, ilipumua. Nyumba ya tofali za kuchoma, yenye dari, madirisha ya alumini na vioo vinavyofungika barabara, ni maendeleo ambayo kila mzazi anayatamani. Lakini jiko la mkaa lililokuwa likivumilika katika ile ya kwanza huua katika hii ya pili. Mtu anayesema kwamba bibi yake aliota makaa ndani miaka 70 na hakufa anasema kweli. Tofauti iko kwenye nyumba. Pili, tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji halimfikii asiyepita ofisini. Bibi anayeelewa Kikinga au Kibena vizuri kuliko Kiswahili aelezwe kwa Kikinga au Kibena, na mtu anayemwamini, akiwa ameketi jikoni kwake.

Basi mtu ajipashe joto kwa nini? Mwili wenyewe ni jiko, na kazi iliyopo ni kulizuia joto lake lisipotee. Familia ilale chumba kimoja, kile kidogo kuliko vyote, kisichotazamana na upepo. Nguo nyingi nyembamba zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto kuliko koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati yake ndiyo blanketi. Kofia ya sufu na soksi zivaliwe hata kitandani. Sakafu ya saruji hunyonya joto. Godoro lililo chini liwekewe mkeka, maboksi yaliyokunjuliwa au magunia makavu. Mavazi yaliyolowa yavuliwe mara moja, kwani unyevu humpoza mtu upesi sana. Maji yaliyochemshwa jioni kwenye jiko la nje yajazwe kwenye chupa zinazofungika vizuri, zizungushiwe kanga, ziwekwe miguuni pa wazee. Chupa ya chai ijazwe uji au maji ya moto kabla moto haujatolewa, ili saa tisa usiku mtu asishawishike kuurudisha. Chakula cha jioni kiwe cha kushiba, chenye mafuta, kwa maana mwili nao unahitaji kuni.

Pombe haimo katika orodha hiyo. Iwe ulanzi, iwe pombe kali ya chupa, hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mnywaji huhisi joto kwa sababu joto lake linapita ngozini likitoka nje. Mlevi anayerudi nyumbani usiku wa Julai na kujikalisha kando ya njia ili apumzike kidogo yumo hatarini kuliko anavyojua, na wanaomwacha hapo kwa kumcheka wanamwacha pabaya.

Mtu anayepoa kupita kiasi hutetemeka kwanza. Kutetemeka ni jambo jema, mwili unapigana. Hatari huja kutetemeka kunapokoma ilhali hajapata joto: maneno yanavurugika, mwendo unapepesuka, anachanganyikiwa, na wengine huanza hata kuvua nguo. Mzee wa hali hiyo asidhaniwe ameanza uzee wa akili usiku huo. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe na kichwa chake, apashwe joto kifuani na tumboni kwanza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza, na apelekwe kituo cha afya. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asiwekwe ghafla kando ya moto mkali.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vya kutosha kujipasha joto, hivyo baridi humwingia kimya kimya. Anakuwa mtulivu, hanyonyi, miguu yake ni ya baridi, na wazazi wachanga hufurahi kwamba leo amelala vizuri. Tiba yake ipo kwa kila mama na haihitaji umeme: ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na kofia na nepi tu, kifuani mwa mama, wote wawili wakiwa wamefunikwa pamoja. Baba naye ana kifua. Wakunga wa vituo vya afya hufundisha njia hii kwa watoto njiti, na msimu huu ifundishwe kwa kila mzazi anayeruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa ndugu wa zahanati lipo jambo moja ambalo husahaulika kwa kuwa linakwenda kinyume cha mazoea. Umeme ukikatika, hofu ya kila mtu ni chanjo kupata joto. Katika wilaya yenye baridi, chanjo zinaweza pia kuganda, hasa zinapopangwa zikigusana na barafu kwenye kibebeo. Chanjo za pepopunda, homa ya ini na ile ya pentavalenti zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana safi. Kipimo ni kati ya nyuzi 2 na 8, na upande wa chini una uzito uleule wa upande wa juu. Insulini ya mgonjwa wa kisukari nayo isigande. Usiku wa baridi kali iwekwe ndani ya nyumba, mbali na ukuta wa nje na mbali na moto.

Mengine yanafahamika. Simu ichajiwe mapema. Tochi ni salama kuliko mshumaa, hasa penye vyandarua. Waya ulioanguka usiguswe wala usiruhusiwe kuchezewa, hata kama umeme umekatika kijiji kizima, kwani hurudi bila kubisha hodi. Pasi na majiko ya umeme yazimwe, ibaki taa moja ya kutoa habari umeme utakaporejea.

Maji yanahitaji neno zaidi. Huko Texas, umeme ulipokwenda, maji yalifuata: pampu zilisimama, mabomba yakapasuka, na watu takribani milioni 14 wakaathirika kwa kukosa maji au kuagizwa wayachemshe kabla ya kuyanywa, wengi wao wakiwa hawana cha kuchemshia. Familia ziliyeyusha theluji ili kusafisha vyoo. Vijiji vilivyounganishwa na pampu za umeme miaka ya karibuni vimesahau haraka mno njia ya kisima cha zamani. Kila kaya iweke akiba ya angalau siku mbili katika vyombo safi vyenye mifuniko, na kamati za maji zihakikishe kisima cha zamani hakijageuzwa shimo la taka.

Linabaki suala la nani atagonga mlango wa nani. Wengi wa waliokufa kwa baridi Texas walikuwa wazee, na wapo waliofia ndani ya nyumba zao, peke yao. Katika vijiji vya wilaya hii mtu hafi peke yake kirahisi hivyo, au ndivyo inavyosemwa. Lakini wahudumu wa afya wanaopita kaya kwa kaya wanawajua wazee wanaolea wajukuu watatu au wanne baada ya wazazi kufariki au kuhamia mijini, wajane wa nyumba za mwisho wa kitongoji, na mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni ambaye saa nne bila umeme ni muda mrefu mno kwake. Majina yao yamo vichwani mwa watu wawili watatu. Hayajaandikwa popote, na wawili watatu hao wakiwa safarini hakuna anayejua.

Kwa sababu hiyo Halmashauri inaelekeza kwamba kabla ya tarehe 31 Mei kila kitongoji kiandike orodha moja ya kaya za namna hiyo. Mbele ya kila jina liandikwe jina la jirani atakayekwenda kugonga mlango jioni ya kwanza umeme ukikatika na alfajiri inayofuata, na jina la pili la atakayekwenda ikiwa wa kwanza hayupo. Jirani huyo ataangalia mambo matatu: mwenyeji ameamka, anajibu sawasawa, na jiko limelala nje. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kitongoji, nyingine zahanati. Orodha ihifadhiwe kwa siri ipasayo, haibandikwi ukutani.

Kila kata itateua jengo moja, darasa au ukumbi, litakalofunguliwa kwa wasio na pa kujihifadhi, na litaandikwa jina la mwenye ufunguo na mahali anapolala. Mwaka jana ilionekana katika sehemu moja kwamba jengo lilikuwepo, blanketi zilikuwepo, na ufunguo ulikuwa umekwenda mnadani.

Na ile fomu. Watendaji wa vijiji vyenye pampu za maji zinazotumia umeme, zahanati na vituo vya afya waorodheshe namba ya mita ya kila huduma, jina la kijiji na idadi ya vijiji vinavyohudumiwa, wazifikishe ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya tarehe hiyohiyo ya 31 Mei, ili zipelekwe kwa pamoja katika ofisi ya wilaya ya shirika la umeme na kupokelewa kwa muhuri. Nakala yenye muhuri irudi kijijini. Mtendaji ambaye hajui mita ya pampu iko wapi anayo wiki mbili za kuitafuta, na fundi wa kamati ya maji anajua.